Kifo cha Udhuru

Wavumbuzi wana dhambi moja ambayo haisemwi: wakiondoa ugumu wa kazi, wanaondoa pia ruhusa ya kuikataa. Zamani mtu akikuomba jambo zito ulikuwa na pa kukimbilia. Ulisema "siwezi," ukaeleweka, ukapewa pole na kikombe cha chai juu yake. Siku hizi kila kitu kimerahisishwa, na anayesema "siwezi" huonekana mchoyo, mvivu au mwenye kinyongo. Nimeufuatilia msiba huu kwa muda, na hapa ninapoishi naweza kumtaja mtuhumiwa kwa jina: faji.

Kwa asiyeijua, faji ni tamutamu ya Wamarekani: sukari, maziwa, siagi na chokoleti, vikagandishwa kwenye trei na kukatwa vipande vya mraba. Aliyewahi kula barfi za Wahindi pale Mjini Unguja hatapotea sana, ila barfi hukuacha ukasema basi, wakati faji hukufuata mpaka kwa daktari wa meno. Mimi nakaa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako mwezi wa Desemba jua huzama saa kumi na nusu za jioni na baridi hushuka chini ya sifuri ikasahau njia ya kurudi. Mtu mwenye akili angejifunika blanketi akalala hadi mwezi wa nne. Wenyeji wa hapa hawalali. Wanapelekeana sukari.

Kazini kwetu mambo huanza kwa karatasi kubandikwa jikoni, karibu na mashine ya kahawa: andika jina lako na kitu utakacholeta. Sherehe yenyewe haiitwi Krismasi. Inaitwa sikukuu ya majira ya baridi, na mwanzoni nililiona hilo jambo la heshima. Baadaye nikaelewa hesabu yake. Ingekuwa Krismasi, mimi Mwislamu wa Pemba ningetoa pongezi zangu mlangoni na kurudi mezani kwangu. Lakini baridi haina dini. Wenye Krismasi wamo, wenye Hanukkah ya Kiyahudi wamo, wenye Kwanzaa wamo, na mimi niliyekuwa nimejikalia kimya nimo pia, kwa sababu nani atasimama aseme yeye hana majira ya baridi huku amevaa makoti mawili? Udhuru wa kwanza ukazikwa hapo, mbele ya mashine ya kahawa.

Kwanzaa, kwa taarifa yako, imeongeza mzigo. Ni sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga huko California mwaka 1966, huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, na imejaa Kiswahili. Kwa hiyo kazini nimehesabiwa mwenyeji wake, ingawa shangazi yangu wa Wete hajawahi hata kuisikia. Siku ya kwanza ukiulizwa "Habari gani?" unatakiwa ujibu "Umoja!" Mimi hujibu "Nzuri, sijui wewe," kama nilivyolelewa, na hutazamwa kwa huruma na mtu aliyezaliwa Ohio.

Basi kwenye karatasi ile, mbele ya jina langu, mkono usio wangu ulikuwa umeshaandika: "Faji ya viungo. Rahisi! Haiokwi!" Kisa chenyewe ni kwamba niliwahi kusema, katika mazungumzo ya kupitisha wakati, kwamba natoka visiwa vya karafuu. Mtu huku akisema anatoka Texas hakuna anayemwambia alete ng'ombe.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kusoma historia. Nikagundua kwamba udhuru ulikuwapo, tena wa kifahari. Faji ina kumbukumbu zinazorudi hadi miaka ya 1880. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha wanawake cha Vassar, jimboni New York, Emelyn Hartridge, aliandika baadaye kwamba binamu wa mwenzake aliitengeneza Baltimore mwaka 1886 na kuiuza senti 40 kwa ratili. Yeye akaipata namna ya kuipika, na mwaka 1888 akapika ratili 30 kwa mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wasichana wa Vassar wakashikwa na wazimu wa faji, wakawa wanapika usiku vyumbani mwao wakati walipotakiwa kuwa wamelala. Tazama uzuri wa jambo hilo: kwao faji ndiyo iliyokuwa udhuru. Ukiulizwa kwa nini taa yako inawaka, unasema sukari haijafika.

Na kweli ilikuwa haifiki haraka. Faji ya asili ni somo zima la kemia. Unachemsha sukari, krimu na chokoleti mpaka joto lifike kati ya nyuzi 112 na 116 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto hudondosha tone kwenye maji baridi aone kama linafanya kigololi laini kinachobonyea kidoleni. Ukipungukiwa nyuzi chache, unabaki na rojo la kunywa. Ukizidisha, unapata jiwe. Kisha unaiacha ipoe hadi nyuzi arubaini na kitu bila kuigusa, kwa sababu ukiikoroga ingali moto, sukari hujikusanya chembe kubwakubwa na faji yako inatafunika mchanga mtupu. Ikishapoa ndipo unapoipiga kwa mwiko, mkono ukiuma, mpaka ule mng'ao wa juu upotee. Hapo una sekunde chache za kuimwaga kabla haijaganda ndani ya sufuria na mwiko wako humohumo.

Hebu zihesabu nyudhuru zilizomo mle. "Sina kipimajoto." "Bega linaniuma." "Leo hewa ina unyevu, sukari haitashika." Hii ya mwisho ni ya kweli kabisa, sukari hunyonya unyevu wa hewani, na wapishi wa zamani walikuwa wakiangalia mbingu kabla ya kuwasha jiko. Mtu mzima anaacha kazi kwa sababu ya mawingu, na hakuna anayemsengenya! Kule kisiwa cha Mackinac, jimbo la Michigan, ambako magari yamepigwa marufuku tangu mwaka 1898 na watu hutembea kwa farasi na baiskeli, mafundi wa faji mpaka leo huimwaga juu ya meza za marumaru na kuigeuza kwa miko mipana ya chuma, mbele ya macho ya watalii. Watalii hulipa pesa zao wakaondoka na boksi. Hakuna anayemwambia mtalii mwakani alete ya kwake.

Huo ndio utaratibu tuliokulia nao sisi kwenye halua. Halua ni wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga, zafarani, na wanaume wawili wanaopokezana mwiko mrefu juu ya sufuria kubwa kwa masaa, jasho likiwatoka. Sijawahi kusikia mtu wa Zanzibar wala wa Oman akiambiwa, "Jumamosi tuna shughuli ndogo, njoo na halua uliyoipika mwenyewe." Unakwenda kwa fundi, unatoa pesa, unafungiwa, unarudi nyumbani na hadhi yako. Ugumu wa kitu kile umemlinda kila mtu: fundi ana riziki, na mimi nina Jumamosi yangu.

Aliyetuharibia ni Gail Borden. Huyu bwana alipata hataza ya maziwa mazito ya kopo mwaka 1856. Aliyachemsha maziwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa mpaka sehemu kubwa ya maji ikatoka, na yakatiwa sukari nyingi kiasi kwamba vijidudu vikiingia vinakufa kwa kiu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, jeshi la Kaskazini likayanunua kwa wingi, na askari waliporudi makwao wakarudi na mazoea. Sina ugomvi na maziwa yale kwenye chai, wala kwenye kidole cha mtoto anayedhani haonekani. Ugomvi wangu ni kwamba karne iliyofuata mtu alikaa akafikiri: ikiwa sukari imeshayeyuka ndani ya maziwa, na maji yameshapunguzwa kiwandani, sisi tunachemsha nini tena? Tuyachanganye na chokoleti iliyoyeyushwa, tuyatie kwenye friji, twende zetu.

Ukiniuliza, ile si faji hata kidogo. Faji ya Vassar inashikana kwa vichembe vidogo vya sukari vilivyopigwa kwa mwiko. Hii ya kopo inashikana kwa sababu mafuta ya kakao, ambayo huyeyuka karibu na joto la mwili wa binadamu, yakipoa yanakuwa magumu tena. Hakuna ustadi, hakuna kigololi, hakuna mbingu ya kuangalia. Ni chokoleti iliyodanganywa ikajiona laini.

Na hilo tangazo la "haiokwi" ndilo linaloniudhi kupita yote. Tangu lini faji ikaokwa? Ya Baltimore haikuokwa. Ya Vassar haikuokwa. Ya Mackinac haiokwi. Hakuna faji iliyowahi kuuona mlango wa oveni kwa ndani. Kujivunia faji isiyookwa ni sawa na kutangaza uji usiokaangwa. Lakini neno hilo limeandikwa kwa makusudi, ili usiseme kwamba oveni yako mbovu. Yangu mbovu kweli. Nilikuwa nimeitunza kwa siku kama hiyo.

"Dakika tano tu, baba," alisema mama watoto, akiwa amejinyoosha kwenye kochi baada ya zamu ya usiku hospitalini. Yeye ana udhuru wa serikali: akisema amechoka, ni kwamba kuna watu wamepona. "Fungua kopo, yeyusha chokoleti, changanya. Mbona unaizunguka?"

Haya, tuzihesabu dakika hizo tano. Maelezo yanataka kopo moja la wakia 14, ambalo ni gramu 397, na vikombe vitatu vya vipande vidogo vya chokoleti. Mfuko wa kawaida wa vipande hivyo una wakia 12, yaani vikombe viwili. Kwa hiyo huwezi kununua mfuko mmoja. Unanunua miwili, unabaki na nusu mfuko, na nusu mfuko huo unakutazama kabatini mpaka uutafutie kopo lake, na kopo likipatikana mfuko hautoshi, unanunua mwingine. Hivi ndivyo watu wema wanavyojikuta wanapika faji hadi Februari. Aliyepanga vipimo vile alikuwa ana hisa mahali.

Tena chokoleti yenyewe haikuwa ya mchezo. Desemba 2024 bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, baada ya mvua mbaya na maradhi ya miti kuzipiga Ghana na Côte d'Ivoire, nchi mbili ambazo dunia inazitegemea kwa zaidi ya nusu ya kakao yake. Bei ya kakao ikipanda, ya dukani hufuata. Ikishuka, ya dukani husimama kuvuta pumzi. Nilishika mifuko yangu miwili dukani nikafikiri kwa bei hii nilistahili kuambiwa nilete barafu. Barafu hapa imelala barabarani bure.

Halafu kuyeyusha. Kwenye maikrowevu unaambiwa sekunde 30, toa, koroga, rudisha, sekunde 30 tena, kwa sababu chokoleti ikipata moto wa haraka huungua ikiwa bado ina umbo lake, ikakuchekea. Ukiiyeyusha juu ya mvuke wa maji, tone moja likirukia bakulini, chokoleti yote hukakamaa ikawa kinyesi cha mbuzi. Unaona namna walivyokuhadaa? Wamekuondolea bega kuuma, wakakuachia wasiwasi. Na wasiwasi haukubaliwi kuwa udhuru mahali popote.

Tufike kwenye viungo, maana ndivyo vilivyoniponza. Wamarekani wana mchanganyiko wao wa mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, ambao kazi yake ya awali ni pai ya boga. Kampuni ya McCormick ilianza kuuuza ukiwa umeshachanganywa mwaka 1934, na hapo kinu na mchi vikapewa likizo ya milele. Baadaye ukatiwa kwenye kahawa, kwenye mishumaa, kwenye sabuni. Ikifika Novemba, mji mzima unanukia pilau isiyo na mchele. Kila nikiingia dukani tumbo langu linakaa mkao wa harusi, kumbe ni sabuni ya sakafu.

Maelezo yangu yalitaka kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, nusu ya tangawizi, robo ya kungumanga, na kwenye karafuu yakaandika: "kidogo sana, ukipenda." Ukipenda! Unamwambia Mpemba karafuu ukipenda? Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa ikibeba sehemu kubwa ya zao hilo. Nimekua nikiruka majamvi yaliyoanikwa karafuu, nikifukuzwa nisizikanyage. Watu wamepanda juu ya miti wakachuma vishada kimoja kimoja kabla havijafunua maua, wakavichambua usiku, wakavikausha kwa jua, wakapanga foleni kuviuza kwa shirika la serikali, ili mtu wa mbali aje aandike "ukipenda." Nikafungua kichupa, ambacho kwa uzito wake ni ghali kuliko samaki, nikatia kwa kadiri ya uzalendo.

Mama watoto akaonja kwa ncha ya kijiko. Akanyamaza. "Jino langu lililokuwa likiuma," alisema, "halinijui tena." Nikamweleza kwamba hiyo ni kazi ya eujenoli, mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, ambayo waganga wa meno wameyatumia tangu zamani kutia ganzi. Akasema kazini kwetu watashukuru.

Vanila nayo ina kesi. Kanuni za Marekani zinataka dondoo ya vanila iwe na angalau asilimia 35 ya kilevi. Nilipolisoma hilo nikaruka kwa furaha. Nikapiga simu kazini: jamani, samahani, kwa sababu za kidini sitaweza. Sauti ya upande wa pili ikajibu kwa upole wa Minnesota, upole ule usioachia mwanya: "Oh, hakuna tatizo, iache tu! Weka iliki." Hata iliki wameijua. Nikajaribu peremende laini nyeupe zinazotiwa ndani na wengine, zile za jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. "Ziache pia!" Lozi na korosho nilizitoa kwa sababu binti yangu angepeleka nyingine shuleni, na shuleni kwao karanga za aina yoyote haziruhusiwi. Kila kikwazo nilichoweka njiani kilikuwa kinaondolewa, na kila kikiondolewa kazi inazidi kuwa nyepesi, na mimi nazidi kuwa mwenye hatia.

Ikaganda, bila shaka. Haikosi kuganda, ndiyo laana yake. Nikaikata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mkato, safu nane kwenda na nane kurudi, vipande 64 kutoka trei ya sentimita ishirini. Na hapo zile dakika tano zikaingia awamu ya pili, ambayo haiandikwi kwenye kopo: vijikaratasi vya kufungia, utepe, na vibati vya rangi vilivyochorwa kulungu, kila kimoja kikiwa na thamani kubwa kuliko kilichomo ndani. Nilipouliza kwa nini visitiwe kwenye mfuko wa mkate, niliambiwa watoto wanasikiliza.

Siku ya sherehe ndipo ubaya ulipojidhihirisha. Meza nzima ilikuwa faji. Kila mtu ameona rahisi, kila mtu ameona haiokwi, kila mtu amesoma kopo lilelile. Kulikuwa na ya mnanaa, ya siagi ya karanga, ya chumvi juu, na yangu iliyomtia ganzi mtu wa uhasibu ikabidi amalizie hotuba kwa ishara. Hakuna aliyeleta chakula. Wafanyakazi wazima, wenye shahada, wamesimama na sahani za karatasi wakisaka kitu cha chumvi. Hapo nikaona wenye busara wa kampuni ile: ni wawili, waliojiandikisha kuleta vikombe na tishu, na walikuwa wamekaa pembeni wamekunjua miguu.

Halafu ukaja mtihani wa kipande cha mwisho. Mtu wa Minnesota hachukui kipande cha mwisho hata akiwa anazimia. Ni kosa la malezi. Atakikata nusu, aache nusu. Anayefuata atakata nusu ya nusu. Jioni ile kipande changu cha mwisho kilikatwa mpaka kikawa hakionekani ila kwa imani, na sahani ikaendelea kukaa mezani kwa heshima ya chembe ile. Mimi nilitoka kwenye kisiwa ambacho mgeni hulazimishwa kumaliza, nikalazimika kwenda kukiokoa kwa kidole.

Tukagawana vilivyobaki, na kugawana ndiko kuchukua vya wenzio. Nilitoka nyumbani na bati moja la faji, nikarudi na mabati manne ya faji. Jirani wa mlango wa pili alikuwa ameacha jingine kibarazani. Kwa desturi yetu sahani ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo ilibidi nimrudishie kitu, na kitu kilichokuwapo ndani ya nyumba unakijua. Nafikiri sasa unaona mtego ulivyo. Kitu kigumu hutengenezwa na wachache wakalishwa wengi. Kitu chepesi hutengenezwa na wote, na anayekula hayupo.

Nikampigia shangazi yangu Wete nipate mtu wa kulia naye. Yeye ni mtu wa vinu na mikono, nilijua atanielewa.

"Asalaam aleikum, shangazi."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Baridi hiyo haijakumaliza?"

"Bado. Lakini faji inajaribu." Nikamsimulia. Akasikiliza, akauliza maswali ya kitaalamu.

"Moto wake wa kuni au mkaa?"

"Hamna moto, shangazi. Kimashine tu, chokoleti iyeyuke."

"Unaikoroga masaa mangapi?"

"Dakika mbili."

"Na huchomeki? Hairukii mkononi?"

"Hairukii."

Kimya kikapita kirefu. Nikajua ni dharau, na nikajiandaa kuipokea kwa niaba ya Gail Borden.

"Alhamdulillahi," alisema shangazi. "Basi mdogo wako anaolewa baada ya Idi. Watu mia tatu tu. Fundi wa halua kapandisha bei, nilikuwa sijui pa kushika. Utatufanyia wewe."

"Shangazi, joto la huko! Mafuta ya kakao hayastahimili, itayeyuka kabla bibi harusi hajatoka."

"Friji ipo kwa jirani, na kwa jirani yake ipo."

"Umeme ukikatika?"

"Tutalaza barafu toka usiku."

"Likizo yangu ni fupi, shangazi."

"Kwani si umesema dakika tano?"

Nikakimbilia karafuu. Nikasema huku ni ghali, sitaweza kubeba za watu mia tatu. Akacheka mpaka simu ikakata. Aliporudi hewani alikuwa na agizo moja: nije na ile karatasi ya kuwekea kwenye trei, ya huko haishikani, na nitafute na vibati vya kulungu, watu watapenda.

Kwa hiyo natafuta udhuru. Wangu wote umekwisha, na huko dukani hawauzi. Kama msomaji unao wa ziada, hata uliotumika, niazime. Nitaurudisha baada ya harusi, pamoja na bati la faji.